Nilijifunza Kuzomea Nikiwa Buffalo

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Buffalo, Marekani, ilikuwa inaongoza 4–0 na mimi sikupiga makofi. Mwanangu alikuwa amesimama juu ya kiti, jezi ya bluu ikimfika magotini, amepiga kelele mpaka sauti imemkauka. Akanigeukia: "Baba, leo tumeshinda!" Nikamwambia, "Kaa kwanza, mchezo bado." Akanitazama kama mtu asiyenijua. Mabao manne kwa bila, tuko nyumbani, tunacheza na Colorado Avalanche, na baba mtu amekaa amefumbata mikono kama yuko matangani.

Wageni wakarudisha moja. Wakarudisha la pili. Kuna sauti inayotoka katika uwanja wetu mambo yanapoanza kuharibika. Si kelele wala si kimya, ni maelfu ya watu kushusha pumzi kwa pamoja. Niliisikia lilipoingia la tatu. Lilipoingia la nne mwanangu alishuka kwenye kiti mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Tulifungwa 5–4. Tukapanda treni ya Main Street kurudi, yeye amelalia bega langu, wala hakuwa na usingizi. Tulipokaribia kushuka akaniuliza, "Baba, ulijua?"

Nilijua. Ndicho kilichoniuma kuliko bao la tano. Mtoto wa miaka tisa anaamini mabao manne, na baba yake ana uzoefu wa kutosha kujua kwamba kwetu mabao manne hayatoshi.

Timu yetu ni Buffalo Sabres. Ni timu ya hoki ya barafuni, ile ya wachezaji wenye viatu vya chuma wanaosukumana kwa magongo wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ilianza mwaka 1970, haijawahi kuchukua Kombe la Stanley, na mpaka Septemba 2025 ninapoandika, mara ya mwisho kuingia hatua ya mtoano ilikuwa majira ya kuchipua ya 2011, ilipotolewa raundi ya kwanza na Philadelphia katika mchezo wa saba. Ligi ina timu 32, na 16 huingia mtoano kila mwaka. Nusu nzima! Sisi msimu uliokwisha Aprili 2025 ulikuwa wa 14 mfululizo kubaki nje. Katika historia yote ya ligi hiyo hakuna timu iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Mwanangu alizaliwa hapa Buffalo mwaka 2015. Mtoano anausikia kama mimi nilivyokuwa nikisikia habari za theluji.

Naandika haya Septemba 2025, msimu mpya uko mlangoni, na watu wananiuliza kwa nini bado naifuata timu hii. Wengine ni ndugu zangu Wakongo wa hapa mtaa wa West Side, ambao wanaona ajabu mtu mweusi aliyekulia kambini kuumia kwa ajili ya mchezo wa barafuni. Nimejaribu kuwajibu kwa mdomo na sijaweza.

Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Mwaka 1996, nikiwa na miaka saba, vita vilituvusha Ziwa Tanganyika, nikakulia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Miaka 17. Aliyenilea ni baba mdogo, na baba mdogo ni Simba damu, kwa hiyo na mimi nililelewa Simba, kwa redio, tukiwa tumeizunguka kama moto. Februari 2014 nikashushwa Buffalo na mke wangu na binti yetu wa miaka miwili. Kitu cha kwanza nilichokipenda katika mji huu ni harufu. Katikati ya mji kuna kiwanda kinachotengeneza Cheerios, nafaka za kifungua kinywa, na upepo ukitoka upande wa mto, mtaa mzima unanukia nafaka inayookwa. Nilikuwa nimesimama kituoni, baridi inanikata masikio, na pua inaniambia mtu fulani karibu hapa anapika.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa usafi wa usiku katika uwanja wa hoki, kupitia kampuni ya vibarua. Mechi ikiisha na watu wakitoka, sisi tunaingia. Kundi la kwanza linaanzia viti vya juu kabisa, safu kwa safu, linaokota vikombe na chupa kwa mkono. La pili linafuata na mashine za kubeba mgongoni zinazopuliza upepo, linasukuma maganda na bisi kutoka ngazi hadi ngazi mpaka chini. La tatu linazoa. Halafu deki, maana bia ikimwagika ikakauka, sakafu inanata kama ulimbo. Tulimaliza alfajiri. Katikati ya yote hayo, chini kabisa, lile barafu linang'aa peke yake, jeupe, halina hata alama moja baada ya kulainishwa, na mimi nilikuwa nasimama na mfuko wa taka kulitazama mpaka msimamizi anaita.

Sikuwa najua sheria za mchezo ila nilijua matokeo kabla ya kuuliza. Timu ikishinda watu wanakaa mpaka mwisho na vikombe vinakuwa vitupu. Ikifungwa wanaondoka mapema, unakuta vikombe nusu, vimejaa bia iliyokufa povu, na inabidi utembee na ndoo. Msimu wa 2014–15 ndoo yangu ilikuwa nzito kila usiku.

Na msimu ule haukuwa wa kufungwa tu. Ulikuwa wa kufungwa kwa mpango. Hapa inabidi nieleze, kwa sababu hata baba mdogo nilimweleza kwa simu zaidi ya mara tatu. Ligi hii haina kushuka daraja. Timu inayoshika mkia haiendi popote, badala yake inapewa nafasi kubwa zaidi katika bahati nasibu ya kuchagua chipukizi bora wa mwaka. Mwaka ule chipukizi alikuwa Connor McDavid, na kila mtu alishajua kwamba mchezaji wa namna ile anapatikana mara moja katika kizazi. Kwa hiyo mji ukaanza kuombea mkia.

"Subiri kwanza," baba mdogo akasema. "Unafeli mtihani, unapewa daftari jipya?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na aliyefaulu?"

"Anachagua mwisho."

Akanyamaza. Huko Nyarugusu kulikuwa na kuku wanalia karibu na simu. "Sasa wachezaji wenyewe wanajua?"

Swali hilo sijawahi kulisahau. Tarehe 26 Machi 2015 ilikuja Arizona, timu nyingine iliyokuwa inagombea mkia na sisi. Nilikuwa kwenye korido na fagio langu, tunangoja mchezo uishe. Ukaenda muda wa nyongeza, Arizona wakafunga, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Watu wetu, wamevaa jezi zetu, wamesimama wanashangilia bao la wageni. Niliwaona wachezaji wetu wakitoka barafuni, vichwa chini, shangwe ile ikiwamwagikia. Nilitoka kambini ambako nimeona mambo mengi ya aibu, na bado niliona aibu.

Tulishika mkia kweli, kama tulivyoshika mwaka uliotangulia. Bahati nasibu ikaenda Edmonton. McDavid akawa wao, sisi tukachukua wa pili, Jack Eichel, kijana mzuri sana ambaye habari zake nitazifikia.

Niliacha kazi ya uwanjani nilipopata ya mchana kiwandani, lakini kabla ya kuacha nilikuwa nimeshapata mtu. Viti vya juu, upande wa magharibi, kulikuwa na mzee mmoja wa asili ya Kipolandi ambaye hakuwahi kutoka mapema. Alifanya kazi kiwanda cha chuma cha Lackawanna mpaka kilipofungwa miaka ya 80. Alikuwa na tiketi mbili za msimu, moja yake na moja ya marehemu mkewe, na kiti cha mkewe alikuwa akikiwekea koti. Usiku mmoja nilipofika safu yake akaniambia nikae kidogo. Baadaye ikawa desturi. Nilipokuwa si mfanyakazi tena wa pale, alinipigia simu na kusema koti lake halijui hoki, afadhali nije mimi.

Yeye ndiye aliyenifundisha historia. Alikuwepo fainali ya 1975, joto la Mei lilipokutana na barafu na ukungu ukajaa uwanjani mpaka wachezaji hawaonani. Alikuwepo Juni 1999, mchezo wa sita wa fainali, Brett Hull wa Dallas alipofunga katika kipindi cha tatu cha nyongeza huku mguu wake ukiwa ndani ya eneo la kipa, jambo ambalo sheria ya wakati ule ililikataza. Bao likakubaliwa, kombe likaenda. Mtaje Hull katika baa yoyote ya mji huu leo hii, miaka 26 baadaye, na utaona watu wazima wakinyanyuka kuonyesha kwa kiatu chao mguu ulikuwa wapi.

Sasa, siku moja ya Januari 2017 tulikuwa tunafungwa vibaya na mzee akaanza kuzomea. Hakuwa amekasirika usoni. Alizomea kama mtu anayefanya kazi yake, mikono imezunguka mdomo. Nikamuuliza, unawazomeaje watu wako mwenyewe? Kwetu, mimi nikasema, mtu akikupa kitu, hata kama hakitoshi, unashukuru.

Akanijibu: "Nani kakwambia wananipa? Mimi ndiye ninayetoa. Tangu mwaka 1970 natoa."

Ndugu msomaji, inabidi uelewe nilikotoka. Nyarugusu hatukuwa tunazomea. Foleni ya mgao ikisimama juani kwa muda wa saa tano, unanyamaza. Kipimo cha unga kikipungua, unanyamaza. Kulikuwa na imani iliyotushika wote kwamba mwenye mdomo faili lake hulala chini ya mengine. Nilikulia katika adabu ya mtu anayesaidiwa. Nikaja nayo Marekani nzima nzima: nilimshukuru dereva wa basi, nilimshukuru mwenye nyumba ambaye bomba lake lilivuja jikoni kwetu majira yote ya baridi, nilimshukuru hata aliyenikata saa zangu za kazi. Mgeni hushukuru. Mgeni halalamiki, maana kulalamika ni kudai kwamba kitu ni chako.

Nilisimama nikazomea. Sauti ilitoka ndogo, koo limenikaba, moyo unanidunda kama mwizi. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Nikazomea tena, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka, na mzee akanipiga bega mara moja bila kunitazama. Wiki iliyofuata nilimpigia mwenye nyumba kuhusu lile bomba. Alikuja fundi.

Kwa hiyo mtu akiniambia shabiki anayezomea haipendi timu yake, siwezi kukubaliana naye. Asiyeipenda haendi uwanjani usiku wa Januari.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka kwa sababu ni ile ile. Makocha walikuja na kuondoka, kila mmoja na maneno yake ya utamaduni mpya. Novemba 2018 tulishinda michezo kumi mfululizo, wa kumi ukiwa dhidi ya San Jose, Jeff Skinner akafunga muda wa nyongeza na watu wasiojuana wakakumbatiana. Tulikuwa juu ya ligi nzima. Na bado tukakosa mtoano msimu huo huo. Nilipomwambia baba mdogo akaniomba nirudie, akidhani simu inakatakata.

Ninapotaka kukaa ni kwa walioondoka, maana hapo ndipo uchungu ulipogeuka kuwa kitu kingine.

Ryan O'Reilly, Aprili 2018, alisema waziwazi kwamba kufungwa kumemfanya wakati mwingine apoteze mapenzi ya mchezo. Wengi wetu tulimkasirikia. Julai akapelekwa St. Louis. Juni 2019 aliinua Kombe la Stanley na kuchaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Eichel, yule kijana tuliyeshika mkia kwa ajili yake, aliumia shingo, yeye na timu wakashindwa kukubaliana juu ya aina ya upasuaji, Novemba 2021 akaenda Vegas. Aliporudi kucheza kwetu Machi 2022 tulimzomea kila alipogusa kisahani, na mimi nilikuwemo. Juni 2023 akachukua kombe. Sam Reinhart tulimpeleka Florida Julai 2021. Juni 2024, mchezo wa saba wa fainali, ndiye aliyefunga bao lililoleta kombe, na Juni 2025 akachukua la pili, akifunga manne katika mchezo wa mwisho.

Nilikuwa sebuleni kwangu natazama Reinhart akibusu kombe mara ya kwanza, na nikakumbuka Nyarugusu. Kambini kulikuwa na vijana ambao watu waliwaita wavivu, wasiojituma, hawana malengo. Walikaa chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jioni. Halafu jina la mmoja linatoka kwenye ubao wa matangazo, anapelekwa ng'ambo, na baada ya miaka miwili unasikia ana gari, anasoma chuo, anajenga kwa mama yake. Mtu yule yule. Mikono ile ile. Ukiona mmoja unasema bahati. Ukiona watatu wanne, unaacha kuwalaumu vijana, unaanza kuutazama mwembe.

Tangu siku hiyo sijamzomea mchezaji mmoja kwa jina. Naizomea timu, naizomea hali, nazomea viti vya juu vya vioo ambako maamuzi hufanyika. Eichel ningepata nafasi ningempa mkono. Alikuwa na miaka 18 alipokuja, tulimwekea mji mzima mabegani.

Majira ya baridi ya 2021 yalikuwa mabaya kupita yote. Tulicheza michezo 18 mfululizo bila ushindi, kuanzia mwisho wa Februari mpaka mwisho wa Machi. Korona ilikuwa imetufungia nyumbani, mwanzoni mashabiki hawakuruhusiwa kabisa, kwa hiyo timu ilifungwa mbele ya viti vitupu. Mzee alikuwa ananipigia kila mchezo ukiisha. Hakuwa na la kusema. Anapumua kidogo, anasema "haya, basi," anakata. Simu 18. Nadhani wote wawili tulihitaji kuhakikisha kwamba mwenzako bado yupo.

Alinivunja moyo mwaka uliofuata. Aprili 1, 2022, timu ilipandisha bendera ya kumuenzi Rick Jeanneret, mtangazaji aliyetangaza michezo yetu tangu 1971, sauti ambayo watu wa mji huu wanaisikia hata usingizini. Tulikwenda. Mzee alivaa tai. Msimu huo tukathibitishwa kuwa nje kwa mwaka wa 11, rekodi mpya, tumewapita Florida na Edmonton waliowahi kukaa miaka kumi. Akarudisha tiketi. Zote mbili, yake na ya mkewe.

Nilimwendea nyumbani kumsihi. Alikuwa ameiandika barua kwa mkono na akanisomea. Haikuwa na tusi. Alisema amelipa miaka zaidi ya hamsini, amevumilia ukungu na mguu wa Hull, na kwamba kufungwa hakujawahi kumchosha. Kilichomchosha ni kuambiwa asubiri kwa sauti ile ile, na watu wapya, kana kwamba ndiyo anaanza leo.

Mimi ninajua kusubiri. Nikisema hivi sijigambi, ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko zote. Nilisubiri miaka 17. Na nimejua kwamba kusubiri kuna namna mbili. Kuna siku za kambini ambapo afisa alikuja akasema: faili lenu lipo hapa, limebaki hili na hili, usaili mwezi wa tisa. Tungeweza kusubiri miaka mitatu kwa maneno hayo, na tulisubiri. Na kuna siku ambapo tuliambiwa tu, kuweni na subira. Neno zuri, la dini, babu zetu wamelisema. Lakini likitoka kinywani mwa yule anayekusubirisha, linabadilika ladha. Subira huitoa mwenye kusubiri. Mwingine hana ruhusa ya kuitumia kwa niaba yake.

Msimu wa 2022–23 ulinitesa kwa namna yake kwa sababu ulikuwa mzuri. Vijana wanakimbia, Tage Thompson anafunga, Rasmus Dahlin anacheza kama ana macho kisogoni. Tulimaliza na pointi 91. Florida walimaliza na 92, wakaingia mtoano, wakafika mpaka fainali. Pointi moja! Kushinda ni pointi mbili, kufungwa muda wa nyongeza ni moja. Niliupitia msimu mzima kichwani, michezo 82, nikitafuta ilipodondoka ile pointi. Nilimpigia mzee. Alikuwa ametazama yote kwa televisheni, kila mchezo. Tiketi amerudisha, roho imegoma kurudi.

Niongeze jambo moja kuhusu mji huu kabla sijamaliza. Timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Bills, nayo ilikaa misimu 17 bila mtoano, na usiku wa Desemba 31, 2017, ilipofuzu, nilimwona jirani yangu, mwanamume wa miaka sitini, amepiga magoti kwenye theluji mbele ya nyumba yake. Hakuwa amelewa. Kwa hiyo ninajua mlango huo unafunguka. Ninajua na sura watakayokuwa nayo watu siku hiyo.

Baada ya usiku ule wa 4–0, ule niliouanza nao, kufungwa hakukuisha. Ilifika michezo 13 bila ushindi. Mwanangu alibadilika. Aliacha kuvaa jezi shuleni. Jioni moja nilimkuta mbele ya televisheni, bado dakika nyingi, tuko nyuma kwa bao moja tu, na amefumbata mikono. Alikuwa amekaa vile vile nilivyokaa mimi. Hata mguu aliuweka kama wangu.

Nilikwenda kukaa karibu naye. Nilimwambia kwamba ile siku ya Avalanche nilikosea. Nilimwambia kujua mwisho hakukunisaidia kitu, kulininyima tu mabao manne. Yeye aliyafurahia, mimi sikuyafurahia, na wote tulifungwa sawasawa. "Ukitaka kupiga kelele piga," nikamwambia. "Ukitaka kuzomea, zomea, nitazomea na wewe. Ila usikae hivyo. Hivyo nimekaa mimi miaka mingi na haina faida."

Hakujibu. Watoto hawajibu mambo kama hayo. Alifumbua mikono akachukua bisi.

Tarehe 23 Desemba walicheza ugenini New York, na Islanders. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na zamu asubuhi, lakini nilikaa. Likaingia moja. La pili. Mwanangu akapanda juu ya kochi, mama yake akamkaripia kwa sababu ya viatu, akavua viatu akapanda tena. La tatu, la nne. Safari hii nilisimama. La tano nilipiga kelele mpaka binti yetu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Saba kwa moja.

Kule Kasulu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi. Nikapiga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona alfajiri hivi, kwema?"

"Kwema. Tumeshinda."

Kimya. Nikasikia jogoo. "Ngapi?"

"Saba kwa moja."

"Saba!" Nikasikia akimwambia mtu mwingine ndani ya nyumba, saba, wale watoto wa barafuni wamepiga saba. Halafu akarudi kwenye simu. "Sasa mko nafasi ya ngapi?"

"Bado tuko chini, baba mdogo."

"Nipe huyo mtoto."

Mwanangu akaichukua simu kwa mikono miwili, bado amesimama juu ya kochi. "Shikamoo babu," akasema, kwa sauti iliyokauka. "Babu, tunacheza tena baada ya Krismasi."